Plickers: kadi za karatasi, simu moja na darasa la watoto sabini na kitu

Kwa ambao hamjaisikia, Plickers ni apu ya kuuliza swali darasani ukapata jibu la kila mtoto kwa mpigo, na kilichonivuta mimi ni kwamba mwanafunzi hahitaji simu wala kishikwambi, anahitaji kipande cha karatasi tu. Najua kuna Kahoot, ile iliyotoka Norwei, tamu sana sikatai, ina muziki na watoto wanarukaruka, ila inataka kila mtoto au kila kikundi kiwe na kifaa na bando, na huku kwetu Tanzania mwanafunzi akikutwa na simu shuleni ni kesi ya nidhamu, mzazi anaitwa. Kwa hiyo Kahoot kwa shule nyingi za kata imebaki kitu cha kuonyeshwa semina, tunapiga makofi, tunakula, tunarudi kwenye chaki.

Plickers inakwenda hivi. Unadaunlodi kadi bure kutoka kwenye tovuti yao, unaprinti. Kila kadi ina mchoro mweusi unaofanana kidogo na zile QR za kulipia, na pembeni mwa mchoro, kwenye pande zote nne, kuna herufi ndogo sana A, B, C na D. Mtoto akitaka kujibu B anaizungusha kadi mpaka B ikae juu, ananyoosha. Wewe unasimama mbele na simu yako moja, unafungua kamera ndani ya apu, unaipitisha darasani taratibu kama unachukua video ya harusi, na apu inaokota majibu yote yenyewe, kadi namba fulani kajibu hivi, namba fulani vile. Michoro yote ni tofauti, kwa hiyo B ya huyu haifanani na B ya jirani yake, na herufi ni ndogo kiasi kwamba hata ukigeuza shingo huambulii kitu. Kupiga chabo kumekufa hapo.

Sasa niseme kwa nini nilihangaika. Nafundisha fizikia, shule ya serikali, ya kutwa. Tangu ada ifutwe mpaka kidato cha nne mwaka 2016 madarasa yamefurika, hilo nalifurahia kama mzazi ila kama ticha wa fizikia napumua kwa shida, mkondo mmoja una watoto sabini na ushee. Mtaala unasema umahiri toka 2005, na huu mpya ulioanza Januari 2024 unasisitiza hivyohivyo, mwanafunzi awe katikati, atende, ajadili. Sawa. Halafu unaingia darasani, unafundisha, unauliza "tumeelewa?" na darasa zima linaitikia "ndiyoooo", unauliza "kuna swali?" kimya, unauliza swali wewe mwenyewe mikono inayonyooshwa ni ileile minne mitano ya mbele, mmoja anajibu sawasawa unafurahi, pigia mwenzenu makofi, twende mada inayofuata. Mtihani ukija ndo unajua ulikuwa unafundisha watu watano. Ile "ndiyooo" haimaanishi kitu jamani, ni wimbo, mtoto kaimba toka darasa la kwanza.

Hapo ndipo kadi zinapofanya kazi yake, kwa sababu zinamlazimisha hata yule mabekibencha wa ukutani kutoa jibu, na halimwaibishi, hakuna anayeliona zaidi yangu.

Nitoe mfano wa swali moja maana bila mfano hii apu haieleweki uzuri wake. Tulikuwa tumemaliza kanuni ya tatu ya Newton, na watoto wanaijua vizuri sana, ukimwamsha usingizini anakughania kwa Kiingereza, action and reaction, equal and opposite, hakosei hata neno. Nikaandika ubaoni: lori la tani 10 limegongana uso kwa uso na bajaji ya kilo 500, nani kampiga mwenzake kwa kani (nguvu) kubwa zaidi? A lori, B bajaji, C sawasawa, D inategemea nani alikuwa na spidi. Kadi juu. Nikaskani. Aisee. Karibu darasa zima lilikuwa A, waliobaki wengi wako D, C, ambalo ndilo jibu maana kila mmoja anampiga mwenzake kwa kani ileile, walikuwa wa kuhesabika vidoleni. Na hao ni watu ambao dakika kumi nyuma wameikariri kanuni mbele yangu bila kosa! Ningeuliza "mmeelewa?" ningepata ndiyooo safi kabisa yenye mwangwi.

Hili tatizo si la kwetu peke yetu wala si la watoto wa shule ya kata. Kuna profesa wa fizikia pale Harvard anaitwa Eric Mazur, naye alikuwa anafundisha, anapewa sifa na wanafunzi, wanafaulu kukokotoa mahesabu magumu, mpaka siku alipowapa mtihani wa maswali mepesi ya maneno ya aina hii, ya lori na gari dogo, wakaanguka vibaya, na mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vile alivyofundishwa au vile anavyofikiria yeye mwenyewe. Hebu soma tena hapo. Mtoto anajua ana majibu mawili kichwani, moja la mwalimu na moja la kwake, na la kwake ndilo analoliamini. Mazur toka mwaka 1991 akabadilisha ufundishaji wake: anaeleza kidogo, anauliza swali moja la kuchagua, kila mmoja anafikiri kimya na kupiga kura, halafu kila mtu anamgeukia jirani yake aliyejibu tofauti wabishane dakika mbili tatu, halafu wanapiga kura tena. Kama kura ya kwanza waliopata ni chini ya asilimia 30 hivi, unarudia kufundisha, hawana cha kubishania. Wakizidi 70 unaeleza kwa ufupi unasonga. Katikati hapo ndipo penye utamu, waache wabishane.

Kwa hiyo pale kwenye lori kwa sheria za Mazur ilibidi nirudi nyuma kwanza, nikawapa madogo wawili wasukumane viganja wakiwa wamesimama, mmoja bonge mmoja mwembamba, wajisikie wenyewe kiganja kinasukumwa kiasi gani, ndipo nikauliza upya. Safari hii wakagawanyika. Nikasema haya, mgeukie jirani, mshawishi. Kelele zilizotokea hapo usiombe, ila ukipita katikati ya madawati unasikia vitu. "We mbona bajaji ndo inakunjika?" "Inakunjika kwa sababu nyepesi, kani ileile kwenye kilo chache lazima irushwe zaidi." Huyo wa pili kaeleza kanuni ya pili na ya tatu kwa pamoja kwa sentensi moja, maana kilo 500 ni moja ya ishirini ya tani 10, kani ikiwa moja basi mchapuko wa bajaji, yaani jinsi mwendo wake unavyobadilika haraka, ni mara ishirini ya wa lori, na mimi sikuwa nimeunganisha hivyo ubaoni. Kura ya pili C ikawa nyingi kuliko zote. Wengine walibaki na lori lao, sawa, angalau sasa nawajua ni nani kwa majina.

Na mliona hapo walibishana kwa lugha gani? Kiswahili. Hili ndilo nililolipenda kuliko yote na sidhani kama waliotengeneza apu waliliwaza. Fizikia sekondari ni ya Kiingereza, mtihani Kiingereza, na mtoto anayejua jibu lakini hana Kiingereza cha kulielezea anakaa kimya miaka minne na tunamwita mzito. Kadi haimuulizi lugha. Anazungusha tu. Halafu kwenye dakika mbili za jirani anaongea anavyoongea nyumbani, na mwisho mimi namalizia kwa Kiingereza cha mtihani ili aweze kuandika. Nina watoto ambao sauti zao sikuwahi kuzisikia kabla ya hizi kadi, na kwenye ripoti ya apu nikakuta wanapata kuliko wale wa mikono juu. Najua kuna shule zina bango Kiswahili marufuku, mkifanya hivi mkuu akipita mtajieleza wenyewe.

Sasa kero, maana hii ni rivyuu, sijatumwa kuuza.

Seti kubwa ya kadi ni 63, ndogo ni 40. Mimi nina sabini na kitu. Nilichofanya nimeprinti 40 na kila dawati la wawili linashika kadi moja. Unapoteza kitu, huwezi kujua jibu la kila mtoto peke yake, na wakati mwingine mmoja anamburuza mwenzake, ila unapata kingine, kwamba hawawezi kunyoosha kadi mpaka wakubaliane, kwa hiyo ubishi unaanza hata kabla sijauamuru. Nikitaka jibu la mtu mmojammoja nagawa darasa nusu, nusu wanajibu nusu wanaandika daftarini, swali linalofuata tunabadilishana. Kero hii ni ya msongamano wetu zaidi kuliko ya apu, kwa wenzetu watoto 63 ni madarasa mawili.

Mwanga ni jambo. Darasa likiwa na dirisha kubwa nyuma ya watoto kamera inaona vivuli tu, geuza upande wa kusimama. Ukizilamineti kwa plastiki ya kung'aa zinarudisha mwanga usoni kwa kamera na hazisomeki kabisa, ni hela unaitupa. Watoto nao wana tabia ya kushika kadi katikati, kidole kikiziba mchoro haisomi, na wengine wanaificha nusu nyuma ya kichwa cha wa mbele. Wakishazoea inaisha, siku za mwanzo kipindi kinaliwa na "we wa nyuma inua juu".

Mambo ya bure yana mipaka, akaunti ya bure inabana idadi ya maswali kwa seti moja, wakitaka ulipie. Kwangu haijawa shida kwa sababu ukifanya huu mtindo wa kubishana, kipindi cha dakika 40 hakimezi zaidi ya maswali matatu, na ukiuliza kumi ujue umegeuza kuwa kwizi tu. Projekta hauhitaji, wanaonyesha kwenye video zao kila kitu kiko ukutani kwa skrini kubwa, lakini mimi naandika swali ubaoni kwa chaki na simu inabaki ya kukusanya kura basi. Data huwa nawasha, kiasi chenyewe ni kidogo, haikombi bando. Na kama una kile kishikwambi kilichotumika kwenye sensa ya 2022 halafu kikagawiwa walimu, na sasa kimelala kabatini au kinaangalia katuni na mtoto wako, apu ni ya Android pia, kitoe huko. Maelezo yote ya apu ni Kiingereza ila vitufe ni vichache, ticha yeyote anaelewa siku hiyohiyo. Kingine, majina ya watoto, mimi naweka namba tu, orodha ya majina iko daftarini kwangu, sioni sababu ya kupeleka majina kamili ya watoto wa watu kwenye seva za mbali.

Na kubwa kuliko, ni maswali ya kuchagua tu, nne basi. Kuchora grafu, kukokotoa, kuandika hatua, hakuna. Anayedhani hii itamfundishia mtoto kufanya swali la sehemu C la mtihani wa taifa wa NECTA atasubiri sana.

Halafu niseme ukweli ambao pengine kampuni yenyewe haitaupenda. Uchawi hauko kwenye kadi. Kuna utafiti wa Nathaniel Lasry wa Kanada, 2008, alilinganisha darasa linalotumia vile virimoti vya umeme vya kupigia kura na darasa linalotumia kadi za kawaida za kuinua, wote wanafuata mtindo wa Mazur, na kwenye kujifunza hakukuwa na tofauti ya maana. Kinachofundisha ni swali lenyewe na zile dakika za jirani. Kwa hiyo mwalimu ambaye hana hata simu ya kueleweka, kata maboksi, andika A B C D kwa makapeni, mwambie mtoto ainue ikiwa imebanwa kifuani, umepata sehemu kubwa ya faida kwa bei ya boksi la sabuni.

Mbona basi mimi bado natumia Plickers? Sababu mbili. Maboksi watoto wanachungulia, anayeogopa anasubiri aone kina fulani wameinua nini ndo naye anainua, na ukishafika hapo umerudi kwenye ndiyooo ileile ila kwa herufi. Ya pili ni kumbukumbu. Jioni nafungua ripoti naona swali la jiwe lililorushwa juu, likifika kileleni mchapuko ni ngapi, robo tatu wamesema sifuri kwa sababu jiwe limesimama, wakati jibu ni 9.8 m/s² ileile ya siku zote ya mvutano wa dunia kwenda chini. Kesho yake najua pa kuanzia. Bila ripoti ningekuwa nakisia.

Maswali ndo kazi yenyewe sasa. Swali la "kipimo cha kani ni kipi" halina ubishi, ama unakumbuka ama hukumbuki, kulipigia kura ni kupoteza muda. Swali zuri ni lile ambalo jibu la uongo linavutia kuliko la kweli. Mimi nayatoa kwenye karatasi za mitihani, nasahihisha na daftari pembeni, kosa likijirudia kwa watu wengi naliandika kama lilivyo na linakuwa chaguo A. Mwalimu wa baiolojia wa ofisini kwetu amenikopa kadi akawauliza mwembe mkubwa uzito wa mbao zake umetoka wapi hasa, udongo, mbolea, maji au hewa, na udongo ukashinda kwa kishindo huku hewa, ambako ile kaboni ya mbao inatoka, ikiambulia kura za huruma. Tuliongea hiyo mpaka muda wa chai ukaisha.

Upinzani mtaupata, tena kutoka kwa watoto wenyewe. "Mwalimu leo hatujasoma." Kwa sababu hawajaandika notsi kurasa tatu. Na hilo pia si letu tu, palepale Harvard walilipima, matokeo yakatoka 2019, wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi kuliko wale wa mhadhara mtamu lakini wenyewe wakahisi wamejifunza kidogo, kwa sababu kubishana kunachosha na kusikiliza mtu fasaha ni raha. Ukitaka takwimu ya kumpa mwalimu wa taaluma anayelalamika kelele, mwambie 2014 mtafiti Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi na hesabu vyuoni, waliofeli kwenye mihadhara ya kawaida walikuwa asilimia 33.8 na kwenye kujifunza kwa kushiriki 21.8. Vyuo, si sekondari, msije mkaniambia nimewadanganya, lakini sioni kwa nini ubongo wa miaka kumi na tano upende kuhutubiwa zaidi.

Ila muda wa silabasi unaumia, hilo sifichi. Natumia kadi kwenye zile dhana ambazo watoto huanguka kila mwaka, kani, mchapuko, joto na halijoto, mkondo wa umeme unaodhaniwa "unaisha" ukipita kwenye taa. Vipimo na historia za wavumbuzi nawapa notsi waandike nyumbani.

Nyota nne kati ya tano kutoka kwangu. Darasa la watoto ishirini usijisumbue, hao ongea nao tu unawasikia wote. Kuanzia arobaini kwenda juu, ijaribu.

Ukienda steshenari, chukua seti ya kawaida ya 40, mwambie asipunguze saizi ili kuokoa karatasi, kadi ikiwa ndogo ya nyuma kabisa haisomeki. Nyeusi iwe nyeusi kweli, wino ukififia haishiki, na fotokopi ya fotokopi usikubali. Printia kwenye manila nyeupe au gundisha kwenye manila, usilamineti. Nyuma ya kadi andika namba yake kubwa kwa makapeni, na dawati lipate namba hiyohiyo muhula mzima, la sivyo ripoti yako itakuwa ni fujo. Kabla ya siku ya kwanza nenda darasani mchana watoto wameondoka, weka kadi moja kwenye dawati la nyuma kabisa, simama mbele, skani. Ikisoma hapo, umemaliza.